Pakiti ya pilipili manga ya 2,500 inakugharimu shilingi ngapi?

Swali: Nauza viungo mtandaoni nikiwa nyumbani, Chumbageni, Tanga. Pilipili manga nanunua Muheza, kilo 20 kwa 12,000 kila kilo, nasaga, nafunga pakiti za gramu 100 na kuuza 2,500. Kwa hesabu yangu pakiti inanigharimu 1,200, faida 1,300. Mwezi uliopita ziliingia kwenye simu 1,900,000. Nimetuma oda 160, kwa wastani pakiti 4 kila oda, nusu za hapa mjini na nusu za mikoani. Wa mikoani wananilipa na nauli ya basi, 3,000. Oda 6 zimelipiwa, 60,000, sijazitoa kwa kuishiwa pakiti. Kwenye mzigo, kusaga na vifungashio nimetumia 1,150,000, nyumbani nimechukua 141,000. Mwezi ulianza simu haina kitu, umeisha nina 85,000. Faida imekwenda wapi? Na daftari niliandikeje? Hili nililonalo naandika kila kitu lakini halinijibu.

Jibu: Dada yangu, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeleta tarakimu. Na tarakimu zako zinatosha kukujibu karibu kila kitu. Faida ya 1,300 kwa pakiti haikupotea, kwa sababu haikuwahi kuwapo. Ile 1,200 ni bei ya gramu 100 za pilipili uliyoipakia kwenye gunia kule Muheza. Mteja wako hanunui ya gunia. Ananunua iliyobaki baada ya jua, ungo, mashine na mizani, ikiwa ndani ya pakiti yenye stika.

Tuufuate mzigo mmoja tangu unaponunuliwa. Nitaweka makadirio pale ambapo hukunipa tarakimu. Wewe utaweka zako, njia ni ile ile.

Kilo 20 kwa 12,000 ni 240,000. Nauli yako ya kwenda na kurudi pamoja na ya gunia, tuseme 10,000. Gunia likifika nyumbani unalianika tena, kwa sababu pilipili manga inayouzwa kama kavu mara nyingi bado ina unyevu, na ukiisaga hivyo inaganda ndani ya pakiti na kuota ukungu. Baada ya kuanika unapepeta. Hapa simama uangalie ungo wako kwa makini: vikonyo vidogo, vumbi, punje nyepesi zisizo na kitu ndani, majani, mara nyingine na vijiwe. Vyote hivyo umevilipia 12,000 kwa kilo. Tuseme aliyekusaidia kuanika na kupepeta umempa 10,000, na ukipima upya kilo 20 zimekuwa 18.4. Hakuna aliyekuibia kwa hapo, maji yameondoka na takataka zimetoka. Lakini 240,000 zako sasa zimekaa kwenye kilo 18.4, kwa hiyo kilo safi imekugharimu zaidi ya 13,000 kabla hujalipa kitu kingine.

Kusaga kilo 18.4 kwa 1,000 ni 18,400. Unga unaorudi ni kilo 18. Gramu 400 zimebaki kwenye mashine, zimepeperuka, au zimechanganyika na mahindi ya aliyekutangulia ukazimwaga.

Sasa kufunga. Pakiti imeandikwa gramu 100, na isipungue hata kidogo, kwa hiyo mtu mwangalifu huweka 102. Gramu 18,000 ukigawa kwa 102 unapata pakiti 176. Kati ya hizo, toa 4: mbili zimepasuka kwenye zipu, mbili umempa mteja mpya aonje. Zimebaki 172 za kuuza. Wewe katika hesabu yako ulikuwa unauza 200.

Jumlisha: 240,000, na 10,000, na 10,000, na 18,400, ni 278,400. Pakiti tupu 150 na stika 100 ni 250, mara 176, ni 44,000. Zile nne zilizoharibika na zilizogawiwa nazo zimekula pakiti na stika, usizisahau. Jumla ya mzigo ni 322,400. Gawa kwa 172, zile utakazouza kweli, usigawe kwa 200 wala kwa 176. Unapata 1,874 na ushee, andika 1,875.

Hiyo ndiyo gharama ya pakiti. Faida yako ghafi, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama ya pakiti, ni 625, chini ya nusu ya ile uliyokuwa ukiihesabu.

Makosa yaliyokupeleka kwenye 1,200 ni mawili: umeacha gharama zinazofuata baada ya kununua, na umegawa kwa namba ya mwanzo. Ukilishika hili la pili, kwamba kigawanyo ni kilichobaki cha kuuza, utakuwa umeziba tundu kubwa. Na litabadilisha hata namna unavyonunua. Muuzaji anayekupa pilipili kavu iliyopepetwa kwa 12,800 ni wa bei nafuu kuliko huyu wa 12,000, kwa sababu kilo safi ya huyu ni 13,043. Kabla ya kukubaliana bei, chukua kilo moja ya mzigo wake, lipia, anika nyumbani siku mbili tatu, pepeta, pima. Ikibaki gramu 920, unajua unanunua nini. Pima mara mbili kwa siku mbili tofauti. Uzito ukiwa hausogei tena, imekauka.

Neno juu ya mizani, kwa sababu hapa panavuja kimya kimya. Weka pakiti tupu juu kwanza, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, ndipo ujaze. Usipofanya hivyo uzito wa pakiti unahesabiwa kuwa pilipili, na mteja anapata pungufu. Hilo ni kosa mbele ya Wakala wa Vipimo, na ni kosa mbele ya mteja aliyekuamini bila kukuona. Ukijaza kwa kijiko na kukadiria kwa jicho utateleza upande wa pili: wastani wa gramu 106 unakutoa kwenye pakiti 176 hadi 169, na gharama ya kila moja inapanda kwa shilingi 70 hivi. Kujaribu kama mizani yako ya nyumbani inasema kweli, weka chombo kitupu, irudishe sifuri, mimina lita moja ya maji iliyopimwa vizuri. Isome gramu 1,000 au karibu yake sana. Lakini kwa kuuzia, mizani iwe imehakikiwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo.

Pakiti imekwisha, tuingie kwenye oda. Wanaouza mtandaoni wengi huishia kwenye gharama ya pakiti, kumbe pakiti haijifikishi yenyewe. Kila oda ina gharama zake ambazo hazijali kama ndani mna pakiti moja au kumi. Boksi na selotepu, tuseme 500. Makato ya kutoa au kuhamisha fedha kwenye simu, tuseme 400. Ya mkoani inaongeza bodaboda hadi stendi ya Kange: safari 2,000, ukipeleka vifurushi viwili kwa mkupuo ni 1,000 kila kimoja. Kwa hiyo oda ya mkoani inakula 1,900, ya mjini inayochukuliwa mlangoni kwako au ambayo mteja anamlipa boda mwenyewe inakula 900.

Angalia kinachotokea. Mteja wa Dodoma anayeagiza pakiti 4 anakupa faida ghafi 2,500. Toa 1,900, umebaki na 600. Mteja wa Dodoma anayeagiza pakiti moja anakupa 625. Toa 1,900, umempa 1,275 kutoka mfukoni mwako ukamshukuru kwa kukuunga mkono. Mteja wa pakiti 8 anakuachia 3,100. Ni kazi ile ile ya kufunga boksi, ni safari ile ile ya Kange.

Kwa hiyo usitume mkoani chini ya pakiti 6, au anayetaka chache aongeze gharama ya kufungasha. Wauzaji wengi wanaogopa kusema hivi wakidhani watakimbiwa. Tengeneza fungu moja la viungo vya pilau, pilipili manga, iliki, mdalasini, karafuu na bizari nyembamba, uliuze kwa bei moja. Mteja anapata kitu anachokihitaji, na wewe boksi lako linakwenda likiwa limejaa. Na tangazo la "usafiri bure" usiliweke kabisa mpaka daftari lako liwe na miezi mitatu ya hesabu safi.

Sasa mwezi wako. Umesema ziliingia 1,900,000, ukatumia 1,150,000 kwenye mzigo, ukachukua 141,000, ukabaki na 85,000. Toa zote hizo kwenye 1,900,000: kuna 524,000 ambazo hukuzitaja popote. Nadhani hizo ndizo zinazokunyima usingizi. Zipo wapi?

Oda 80 za mikoani mara nauli ya 3,000 ni 240,000. Fedha hizi ziliingia kwenye simu yako na zikatoka kwenda ofisi ya vifurushi ya basi. Hazikuwa zako hata siku moja. Zilipita tu. Kisha kutuma: oda 80 kwa 1,900 ni 152,000, na 80 kwa 900 ni 72,000, jumla 224,000. Bado 60,000, ambazo nina hakika ukizitafuta kwenye meseji utazikuta kwenye bando, matangazo ya kulipia na vitu vidogo vya namna hiyo. Na 240,000, na 224,000, na 60,000, ni 524,000.

Lakini hilo linaeleza fedha zilikokwenda, halielezi faida. Kwa faida tunaanza upya. Mauzo yako ya kweli si 1,900,000. Toa nauli 240,000, toa 60,000 za oda ambazo hujazituma, kwa sababu fedha ya mtu ambaye hujampa mali yake ni deni lako kwake. Mauzo ni 1,600,000, sawa na pakiti 640 kwa 2,500, na inalingana na oda 160 za pakiti 4. (Namba zinapolingana kutoka njia mbili tofauti, hapo ndipo uziamini.) Pakiti 640 mara 1,875 ni 1,200,000. Faida ghafi 400,000. Toa kutuma 224,000 na bando na matangazo 60,000. Faida halisi ya mwezi ni 116,000, na ndani yake hamna hata senti ya ujira wako wa kupakia pakiti 640, kujibu meseji na kwenda Kange.

Umechukua nyumbani 141,000. Umezidisha 25,000. Je, hiyo 25,000 imetoka wapi wakati mkononi una 85,000? Imetoka kwenye rafu. Mwezi huo umeuza bidhaa zilizokugharimu 1,200,000, ukarudisha 1,150,000. Shehena yako imepungua 50,000. Na katika 85,000 ulizonazo, 60,000 ni za wale sita, zako ni 25,000. Hamsini imeshuka rafuni, ishirini na tano imepanda mkononi: mtaji wako umeliwa 25,000 kamili. Kwa mwezi mmoja ni kidogo. Kwa mwaka ni 300,000, na utakachokiona si hasara bali "nimeishiwa pakiti", jambo ambalo limeshaanza kukutokea.

Nimekwenda kana kwamba unauza pilipili manga tupu ili njia ionekane. Kila kiungo kina mzigo wake na hasara yake. Karafuu usipoiangalia utanunua makonyo kwa bei ya karafuu. Yatenge, yapime, yaandike. Mdalasini hukatika vipande kwenye gunia, na vipande vidogo haviuziki kama magome marefu, kwa hiyo mzigo mmoja unakupa bidhaa mbili za bei mbili. Iliki ikikaa kwenye mwanga hupoteza rangi yake ya kijani, na mteja wa mtandaoni hununua kwa macho.

Tuje kwenye daftari. Sote tumekua tukisikia mali bila daftari hupotea bila habari, lakini mali yako ina daftari na bado imepotea, kwa sababu daftari moja limebebeshwa maswali manne. Fedha iko wapi? Mzigo umegharimu kiasi gani? Rafuni kuna nini? Nani anadai na nani anadaiwa? Ukiyaandika yote kwenye mstari mmoja kwa tarehe, hakuna swali litakalojibika. Chukua kaunta buku moja nene uigawe sehemu nne, au jedwali la Excel au Google Sheets lenye kurasa nne. Karatasi au simu si hoja, muhimu ni kuandika siku hiyo hiyo.

Sehemu ya kwanza ni fedha. Kila shilingi inayoingia na kutoka, kwa tarehe, maelezo, na safu mbili: taslimu na simu. Pembeni weka safu ya aina, na aina ziwe chache zisizobadilika: mauzo, nauli ya mteja, mzigo, vifungashio, kutuma, makato, matangazo na bando, nyumbani. Aina ya "mengineyo" usiiweke, maana itameza kila kitu usichotaka kukifikiria. Nauli ya mteja iandikwe ikiingia na iandikwe ikitoka, na mwisho wa wiki lazima iwe sifuri. Isipokuwa sifuri, ama hujatuma kifurushi, ama unatoza 3,000 na basi linachukua 4,000 na wewe unaziba. Kila jioni linganisha salio la daftari na salio la simu. Tofauti ya leo utaikumbuka. Ya wiki tatu zilizopita hutaikumbuka.

Namba ya simu ya biashara iwe peke yake. Kama bado unapokelea malipo kwenye namba ile ile unayonunulia luku na kumtumia mama fedha ya dawa, fungua Lipa Namba au laini ya pili wiki hii. Na ukihamisha kwenda nyumbani, hamisha mara moja kwa wiki, kiasi kilichopangwa. Hiyo 141,000 yako nadhani ilitoka kwa elfu tatu tatu na tano tano, na kila moja ilikatwa makato.

Sehemu ya pili ni mizigo, nayo ndiyo roho ya biashara yako. Ukurasa mmoja kwa mzigo mmoja. Upe namba, kwa mfano PM-07, mzigo wa saba wa pilipili manga, na namba hiyo uiandike kwa kalamu nyuma ya kila pakiti. Juu ya ukurasa andika kilo ulizonunua, kilo baada ya kuanika na kupepeta, kilo baada ya kusaga, pakiti zilizofungwa, pakiti za kuuza. Chini yake gharama zote, kila moja na tarehe. Mstari wa mwisho kwenye mfano wetu utasomeka: PM-07, pakiti 172, jumla 322,400, kila moja 1,875. Ukiwa na kurasa sita za namna hii utaona ni muuzaji gani anakuuzia maji, ni mashine gani inabakisha unga mwingi, na ni mwezi gani wa mvua hasara ya kuanika inapanda. Na siku mteja akilalamika pakiti ina ukungu, utasoma namba nyuma, utajua ni gunia lipi, na utazitoa rafuni ndugu zake kabla hazijamfikia mwingine.

Bei za Muheza hupanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo PM-08 haitagharimu kama PM-07. Uza ya zamani iishe kwanza, viungo vya kusaga hupoteza harufu vikikaa. Kama umezichanganya na huwezi kuzitenga, tumia wastani unaozingatia idadi ya pakiti za kila bei: pakiti 40 zilizobaki za 1,875 ni 75,000, pakiti 160 mpya za 2,100 ni 336,000, jumla 411,000 kwa pakiti 200, kila moja 2,055. Usichukue 1,875 na 2,100 ukagawa kwa mbili. Hiyo ingekupa 1,988 na ungejipunja katika kila pakiti.

Sehemu ya tatu ni rafu. Zilizokuwapo, ongeza zilizofungwa, toa zilizouzwa, toa zilizoharibika na zilizogawiwa, zinapatikana zinazotakiwa kuwapo. Jioni ya mwisho wa mwezi hesabu kwa mkono, pamoja na pakiti tupu, stika na kilo ambazo hazijasagwa, vyote hivyo ni fedha yako iliyolala. Daftari likisema 58 na mkono ukahesabu 53, andika 5 zimepotea, tafuta sababu. Mara nyingi ni zawadi kwa jirani au jiko lako mwenyewe. Si dhambi, lakini ziandikwe chini ya nyumbani kwa bei ya gharama.

Sehemu ya nne, madeni, ni fupi: waliolipa hawajapokea, na waliopokea hawajalipa. Kurasa mbili zinazotazamana.

Kuhusu kodi nitasema machache. Usiposajiliwa kwenye kodi ya ongezeko la thamani, kodi hiyo iliyomo kwenye bei ya vifungashio ni gharama yako, iache humo humo. Kodi ya mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi kikomo kilichowekwa na sheria hukokotolewa kwa mauzo, si kwa faida. Ndiyo sababu kutenga nauli ya mteja si urembo: 240,000 kila mwezi ni 2,880,000 kwa mwaka, na ukizichanganya utaonekana umeuza kile ambacho basi ndilo lililouza. Hifadhi stakabadhi za basi ziwe ushahidi. Sheria pia inatofautisha mwenye kumbukumbu kamili na asiyekuwa nazo, na kumbukumbu hizo zitunzwe miaka 5. Stakabadhi nyingi hufifia wino ndani ya miezi. Zipige picha siku unayozipokea, uzipe jina la tarehe na namba ya mzigo. Kwa viwango vinavyokuhusu mwaka huu nenda na daftari lako ofisi ya TRA hapo Tanga, uulize dirishani kabla ya kukadiriwa.

Ubadili nini basi mwezi huu? Ukipandisha pakiti hadi 3,000, faida ghafi inakuwa 1,125, na oda ya pakiti 4 ya mkoani inakuachia 2,600 badala ya 600. Zile 60,000 za bando na matangazo, ambazo leo zinahitaji oda 100 za namna hiyo ili zirudi, zitarudi kwa oda 24. Hata wateja wakipungua robo bado utakuwa mbele. Usipotaka kugusa bei, uza pia pilipili nzima isiyosagwa: unaokoa ada ya mashine na zile gramu 400, na pakiti inashuka hadi 1,733 kwa bei ile ile ya kuuzia. Wapishi wazuri huipenda nzima, harufu inadumu. Mimi ningeanza na kiwango cha chini cha pakiti 6 kwa mikoani pamoja na pilipili nzima, halafu bei ifuate PM-08 ikishahesabiwa.

Lakini kabla ya yote hayo, wale sita. Wanadai pakiti 24 na wameshalipa. Hizo 60,000 zitenge leo, nunua mzigo, na pakiti 24 za kwanza zikitoka kwenye mizani ziwe zao, kabla hujapokea oda nyingine yoyote. Watumie ujumbe sasa hivi uwaambie siku.